Nililaumu Mafuta, Kumbe Ni Boliti

Hebu nianze na deni. Wale mmekuwa hapa tangu mwaka jana mnaikumbuka klipu yangu ya mafuta. Nimesimama kando ya barabara karibu na Rodi Kopany, boneti iko juu, nimeshika chupa ya petroli nikisema, "Watu wa Migori, hii ndiyo tunauziwa." Hakuna kitu nimewahi kuweka hapa kikatazamwa vile. Madereva waliisambaza kwa magrupu yao Kisii, Homa Bay, hadi Isebania. Baadaye niliitoa, na wengi mmeniuliza kwa nini. Nimekuwa nikiwajibu juu juu tu. Leo nasema yote, kwa sababu nilikosea, na kuna mtu aliumia.

Gari ni ya mjomba wangu. Ni Probox. Kwa wale hamjui mambo ya huku, Toyota walitoa Probox mwaka 2002 Japani kama gari la kubebea bidhaa. Huku kwetu ndiyo matatu, ndiyo lori, ndiyo gari la kukimbiza mgonjwa usiku. Mjomba hutoka Migori saa kumi alfajiri, anaenda Homa Bay kuchukua mbuta na ngege, anarudi na samaki kwenye barafu huku nyuma, anapitia Rodi, Rongo, Awendo, hadi soko la Migori. Mchana anabeba watu. Hiyo gari ndiyo inalipa karo ya binamu yangu aliye kidato cha tatu, na ndiyo ilinilipia mimi pia. Nalala kwake mpaka leo.

Mwezi wa pili gari ikaanza kukohoa. Asubuhi inawaka vizuri kabisa. Ukifika kwa mlima na mzigo, inapoteza nguvu, inatetemeka, inazimika. Unangoja dakika ishirini, unapiga stata, inawaka kama hakuna kitu ilifanyika. Wikendi moja nikaenda na Mjomba nimsaidie kupakia, na ikatuzimikia hapo Rodi jua likiwa kali, samaki nyuma, barafu inayeyuka. Mjomba hakusema kitu. Alikuwa anahesabu tu kwa kichwa hasara ya kila dakika. Mimi nikatoa simu.

Tulikuwa tumejaza mafuta jana yake kwenye kituo kimoja Migori. Sitakitaja, na kwa klipu pia sikukitaja kwa jina, lakini nilisema kiko wapi na rangi yake ni gani, kwa hivyo ni kama nilikitaja. Nilikuwa na mashine ndogo ya kusoma kodi za gari, hizi za kuunganisha na simu, nikaichomeka. Ikatoa P0171. Nikatafuta haraka: mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Kichwani mwangu hiyo ikageuka kuwa "mafuta ni mabaya." Nikavuta petroli kidogo kwa mpira, nikaweka kwenye chupa, na kweli kukawa na matone ya maji pale chini. Nikarekodi. Wueh! Kufika jioni simu ilikuwa moto.

Kuna kitu sikuwaambia siku hiyo. Chupa yenyewe ilikuwa ya maji. Nilikunywa maji yaliyobaki, nikaikung'uta mara mbili, nikaweka petroli. Sikuikausha. Sikusema uongo kwa makusudi, haki ya Mungu, lakini pia sikujiuliza hata mara moja yale maji yametoka wapi. Nilikuwa tayari na hadithi, na chupa ikaikubali.

Na hadithi yenyewe ilikuwa rahisi kuaminika. Kila mtu Kenya amesikia habari za mafuta kuchanganywa. Serikali yenyewe mwaka 2018 iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili yasiwe rahisi hivyo kiasi cha kumvutia mtu kuyachanganya na dizeli ama petroli. Kwa hivyo ukisema "mafuta ni mabaya," hakuna mtu atakuuliza umejuaje.

Hiyo wiki tukamwaga mafuta yote kwenye tanki na kujaza mengine kwingine. Gari ikazimika tena. Tukaenda kwa fundi wa kwanza. Akasema, "Hii ni pampu." Akaniambia niwashe ufunguo bila kupiga stata, akaweka sikio kwenye kiti cha nyuma, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Umesikia? Kimya. Pampu imekufa." Mjomba akatoa 4,500 ya pampu, na 1,000 ya kuifunga. Siku nne gari ilikwenda kama mpya. Nikaweka hata video fupi ya shukrani. Siku ya tano ikazimika Rongo.

Tukarudi. Fundi akasema hiyo pampu ilikuwa ya bei rahisi, tununue ile yenyewe. 7,000. Hii pesa ilikuwa ya karo, si ati ya kuchezea. Binamu yangu alikaa nyumbani siku tisa akingoja. Pampu ya pili ikakaa siku sita.

Katikati ya hayo yote nikapata ujumbe. Ulitoka kwa msichana aliyekuwa anajaza mafuta kwenye kile kituo. Alisoma shule moja na dada yangu. Aliandika hivi tu: "Ni mimi nilikuwa kwa pampu hiyo siku. Bosi ameniambia nikae nyumbani kwanza mpaka maneno yaishe. Uliniona nikiweka kitu?" Niliusoma, nikaufunga. Nilijiambia nitajibu gari ikitengenezwa, kwa sababu nilikuwa nasubiri gari inithibitishie kwamba niko sawa.

Hapo ndipo jirani mmoja akatuambia kuna mzee wa waya, fundi wa umeme wa magari, ana kibanda kidogo nyuma ya soko. Hana bango. Ana meza, multimita moja yenye ufa kwenye kioo, na balbu ya indiketa iliyounganishwa nyaya mbili ndefu. Nikamwambia mambo yote kwa mpigo: mafuta mabaya, kodi P0171, pampu mbili. Akaningoja nimalize. Kisha akauliza, "Omera, mmepima nini?"

Nikasema tumebadilisha pampu mara mbili.

"Hiyo ni kubadilisha. Nimeuliza mmepima nini."

Sikuwa na jibu. Akamgeukia Mjomba kwa heshima, "Mzee, kupima ni elfu moja. Nikipata shida ama nisipate." Mjomba akakunja uso, kwa sababu huku kwetu mtu hulipi fundi kwa kuangalia. Lakini tulikuwa tumechoka. Akakubali.

Sasa nisikilizeni hapa vizuri, kwa sababu kuna mtu anasoma hii na gari yake inazimika hivyo hivyo.

Mzee alianza kwa kunichorea njia ya umeme kwenye kipande cha katoni. Umeme unatoka kwa betri, unapita kwenye fyuzi, unafika kwa rilei ya pampu. Rilei ni swichi inayofungwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Nani anaiamuru? Kompyuta ya injini. Na kompyuta haitoi hiyo amri ovyo: inataka kwanza kujua injini inazunguka. Gari ikigongwa na injini ikazimika, pampu nayo inakatwa isiendelee kumwaga petroli. Kutoka kwa rilei, waya inaenda nyuma mpaka kwa pampu iliyo ndani ya tanki. Halafu, na hapa alikazia kwa kidole, umeme lazima urudi. Unatoka kwa pampu, unapita kwenye waya ya athi iliyofungwa kwa boliti kwenye bodi, na bodi inaurudisha kwa betri. "Watu wote wanaangalia umeme unaokuja," akasema. "Hakuna mtu anaangalia unaorudi."

Akaniuliza yule fundi wa kwanza alisikiliza pampu namna gani. Nikamwambia, ufunguo ukiwa umewashwa tu. Akacheka. Magari mengine hupampu sekunde mbili hivi ukiwasha ufunguo, lakini Toyota nyingi za umri huu hazifanyi hivyo, zinangoja upige stata kwanza. Kwa hivyo ile kimya tuliyolipia 5,500 ilikuwa kimya ya kawaida. Ile pampu ya kwanza kabisa, iliyokuja na gari, pengine haikuwa na shida yoyote. Na tulikuwa tumeshaiacha kwa fundi.

Kisha akaanza kazi. Fyuzi: nzima. Rilei: akaitoa, akaweka mahali pake kipande cha waya chenye fyuzi yake ndani, ili pampu ipate umeme bila kungoja kompyuta. Aliniambia hiyo fyuzi kwenye waya si mapambo. Bila hiyo, ukikosea kidogo unaunguza nyaya za gari nzima. Na kabla hajainua kiti cha nyuma alinituma nizime jiko la mama wa chapati pale jirani, milango yote ikafunguliwa, simu nikaambiwa niweke mbali. Mvuke wa petroli hauna mzaha.

Akachomoa konekta ya pampu, akaweka multimita. Volti 12.3. Nikaruka, "Si stima iko! Kwa hivyo ni pampu."

"Ngoja."

Akachukua ile balbu ya indiketa, ya wati 21, akaiweka kwenye hiyo hiyo konekta. Ikawaka, lakini wekundu hivi, kama kibiriti kinachozima. Akatoa mguu mmoja wa balbu kwenye athi ya konekta, akauvuta kwa waya ndefu mpaka kwenye hasi ya betri. Balbu ikawaka nyeupe hadi nikafumba macho.

Nilielewa kabla hajasema. Umeme wa kuja ulikuwa sawa. Wa kurudi ndio ulikuwa umezibwa.

Lakini multimita si ilionyesha 12.3? Ndio, kwa sababu multimita haivuti chochote. Ni kama kuangalia mfereji uliozibwa nusu ukiwa umefungwa: presha unaiona iko. Ukifungua ujaze ndoo ndipo unajua maji yanatiririka kama uzi. Waya yenye kutu inaweza kuonyesha volti zote kama hakuna kazi inafanyika. Ukiipa kazi, inaanguka.

Akarudisha konekta, pampu ikanguruma, na sasa akapima ikiwa inafanya kazi, akichomeka sindano za multimita kutoka nyuma ya konekta. Kutoka chanya ya betri mpaka waya inayoingia kwa pampu, zilipotea volti 0.3 tu. Kutoka athi ya pampu mpaka hasi ya betri, zilipotea 4.2. Nikaandika kwenye katoni: 12.3 toa 0.3 toa 4.2. Pampu ilikuwa inapata volti 7.8. Akasema upande wa athi ukizidi kama 0.2, anza kushuku.

Hii ni fizikia ya kidato cha tatu, sheria ya Ohm, Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827. Ampia 4 zikipita kwenye omu 1 unapoteza volti 4. Omu moja tu! Niliipita hiyo mada kwa mtihani. Binamu yangu ndiyo alikuwa anaisoma hizo siku tisa alizokosa shule.

Tukafuata waya. Mzee akainua kapeti ya nyuma, ikanuka samaki. Chini kulikuwa na maji meusi, na kwenye hayo maji kuna boliti moja ambayo sasa ilikuwa bonge la kutu. Miaka ya barafu ikiyeyuka, maji ya mbuta yakishuka chini ya kapeti, hakuna mtu aliwahi kuinua. Akaifungua kwa shida, ikakatika. Akapiga msasa bodi mpaka chuma ing'ae, akakata ncha ya waya iliyooza, akaweka mpya, akafunga boliti mpya, akapaka grisi juu. Akapima tena: 0.1. Vifaa vyote vilikuwa shilingi mia moja na hamsini.

Na kila kitu kikaingia mahali pake. Injini inakohoa mlimani kwa sababu huko ndiko inataka mafuta mengi na pampu ya volti 7.8 haiwezi kuyasukuma. Inazimika mchana kwa sababu kile kiungo kibovu kikipata moto kinazidi kukataa. Inapona ikipoa. Pampu mpya zilifanya kazi siku chache kwa sababu fundi akivuta nyaya alikuwa anaitikisa ile boliti na kutu inaachia kidogo. Hata P0171 ilikuwa inasema ukweli: mafuta ni kidogo. Mashine haikuwahi kusema mafuta ni mabaya. Hilo niliongeza mimi.

Mjomba alilipa ile elfu moja bila kukunja uso. Njiani kwenda nyumbani akasema kitu kimoja tu: "Na yule mtoto wa pale petroli?" Kumbe alikuwa anajua. Mtu wa kwao alikuwa amemwendea.

Kesho yake nikaenda kituoni. Nilimwambia meneja ukweli, pamoja na ile habari ya chupa. Hakunipigia kelele, na ningependa angenipigia. Alisema mauzo yalishuka, kwamba aliita watu wapime tanki zake na hazikuwa na kitu, na kwamba yule msichana alikuwa ameshaambiwa arudi lakini hakurudi. Alikuwa ameenda kwa shangazi yake Kisii kuuza duka. Nikaitoa klipu, nikaweka nyingine ya kuomba msamaha. Mnajua wangapi waliiona? Sitawaambia, ni aibu. Hata mmoja kati ya kumi wa ile ya kwanza hakufika. Nikamwandikia yule dada, nikamweleza kila kitu, nikamwomba msamaha, nikamtumia pesa kidogo. Pesa akarudisha. Akajibu: "Sawa." Hiyo ndiyo jibu nilikuwa nimenunua, na sijawahi kupata lingine.

Sasa maoni yangu, na mnaweza kunipinga.

Tunapenda kusema mafundi wa jua kali ni waongo, wanabadilisha vitu ovyo. Wengine kweli. Lakini sisi wenyewe ndio tumewafundisha. Fundi akikaa saa mbili na multimita, akupate shida ya boliti, utamwambia, "Kwani umefanya nini? Umekaza tu!" Utampa mia mbili. Akikuuzia pampu ya 7,000, utalipa na kumshukuru kwa sababu umeona kitu kipya mkononi. Basi atakuuzia pampu. Mtu anakula kutokana na kile unachokubali kulipia. Mkitaka mafundi wanaopima, lipieni kupima. Kabla ya kununua pampu yoyote, muulize fundi swali moja: pampu ikiwa inafanya kazi, inapata volti ngapi, na athi inapoteza ngapi? Akikujibu kwa nambari, mwamini. Akikujibu kwa sikio, enda kwingine.

Na sisi wa kutengeneza kontenti ni vile vile. Nyinyi mnatulipa kwa macho, na macho hayaji kwa mtu aliyesema "ngoja nipime kwanza." Yanakuja kwa mwenye chupa. Siwalaumu, mimi ndiye nilirekodi. Lakini mafuta yakikutia shaka, kuna EPRA, ambao kazi yao ni kuweka alama kwenye mafuta na kuyapima. Peleka huko malalamishi yako, na uweke risiti. Usianze na simu na chupa yenye maji kama mimi.

Probox iko barabarani. Binamu yuko shule. Kila Jumapili jioni nainua ile kapeti nyuma, nakausha, naangalia ile boliti, kisha ndiyo naenda kuoga. Mjomba ananicheka, lakini hajaniambia niache.